Kuseti taimingi ya injini ya zamani yenye pointi: Toyota 3K, 4K na 5K

Kwenye gereji nyingi taimingi ya gari la zamani, yaani wakati cheche inapotoka kwenye plagi, husetiwa kwa sikio. Fundi analegeza boliti ya distributa (kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi), anaizungusha huku na huku injini ikinguruma, anaiacha pale mlio unapokuwa mwepesi, anakaza. Dakika mbili kazi imekwisha. Tatizo ni kwamba injini isiyobeba mzigo hupenda cheche iwahi. Kadiri unavyoiwahisha ndivyo saileni (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inavyopanda na mlio unavyozidi kuwa mtamu, hata ukiwa umepita kiwango kwa digrii 10. Gari likifika kwenye mlima na abiria watano ndipo linaanza kugonga, kichwa cha pistoni kinapata joto lisilo lake, na mwenye gari anaambiwa mafuta ni mabaya.

Sikio lina kazi yake, lakini ni mwishoni, barabarani. Kwenye saileni linadanganya. Mwongozo huu unafuata alama, fila geji (vipande bapa vya kupimia pengo) na balbu, na umeandikwa kwa injini za Toyota za jamii ya K: 3K ya sentimita za ujazo 1166, 4K ya 1290 na 5K ya 1486, zilizofungwa kwenye Corolla, Starlet na LiteAce za miaka ya 1970 na 1980. Njia ni ileile kwa injini nyingine yoyote ya silinda 4 yenye pointi, ile swichi ndogo iliyo ndani ya distributa. Zinazobadilika ni namba.

Kwa nini cheche iwahi

Mchanganyiko wa petroli na hewa hauwaki wote kwa mpigo mmoja. Moto huanzia kwenye plagi na kusambaa, na huo ni muda. Tunataka msukumo wa juu kabisa umkute pistoni akiwa ameshaanza kushuka kidogo, kwa hiyo cheche lazima itoke kabla hajafika topu, yaani juu kabisa. Kwenye injini za K kiwango cha saileni huangukia kati ya digrii 5 na 8 kabla ya topu. 3K nyingi ni 5, 4K nyingi ni 8. Kibandiko kilicho chini ya boneti au kitabu cha gari ndicho chenye kauli ya mwisho, kwa sababu kabureta na distributa zilibadilika kulingana na mwaka na soko.

Fanya hesabu hii uone ukubwa wa jambo. Injini ikizunguka mara 750 kwa dakika, digrii 8 ni kama sekunde 0.0018. Ikizunguka mara 3000, muda uleule unameza digrii 32. Ndiyo maana ndani ya distributa kuna vipande viwili vya chuma na springi zake, ambavyo hutanuka kadiri mwendo unavyopanda na kuisukuma mbele kamu, ile shafti yenye pembe inayofungua pointi. Pembeni kuna kile kidude cha mviringo chenye mpira mwembamba ndani na mpira wa hewa unaotoka kwenye kabureta. Hicho huongeza digrii pale gari linapotembea bila kukanyagwa sana. Wewe unaseti mwanzo tu. Vifaa hivyo viwili vinamalizia. Vikiwa vibovu, seti yako haiwezi kuwa sahihi kwenye kila mwendo hata ukiirudia mara kumi.

Vya kuwa navyo

Fila geji, bisibisi bapa na ya nyota, spana ya plagi, spana ya boliti ya distributa (mara nyingi 10 au 12), spana au soketi ya kuzungushia boliti ya puli ya kranki, chaki nyeupe au rangi ya kucha, na balbu ya volti 12 yenye nyaya mbili. Balbu ya taa ya ubavuni inatosha kabisa. Ukiwa na taa ya taimingi, vizuri zaidi. Ukiwa na mita ya kupima muda wa pointi kufunga, vizuri sana.

Kabla ya yote, vua saa ya chuma, kunja mikono ya shati, na usivae kitu kinachoning'inia. Weka gia huru, vuta handibreki, weka jiwe kwenye tairi.

Pointi kwanza, taimingi baadaye

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa hiyo tukae kidogo.

Cheche hutoka pale pointi zinapoachana, si zinapogusana. Zikiwa zimefunga, umeme unapita kwenye koili na kujenga nguvu ya sumaku; zikifunguka, nguvu hiyo inaporomoka ghafla na koili inatema volti nyingi kwenye plagi. Kwa hiyo pengo la pointi ndilo linaloamua *lini* zinafunguka. Pengo likiwa pana, kisigino cha pointi hukutana na pembe ya kamu mapema, pointi hufunguka mapema, cheche huwahi. Likiwa jembamba, cheche huchelewa. Maana yake ni kwamba ukiseti taimingi vizuri leo halafu kesho ukagusa pengo la pointi, umeivuruga taimingi kwa digrii kadhaa. Kinyume chake si kweli: kuzungusha distributa hakubadilishi pengo. Ndiyo sababu ya mpangilio huu.

Fungua kifuniko cha distributa, chomoa rota (kile kipande kinachozunguka na kugawa umeme kwa kila plagi). Tazama nyuso za pointi. Kama ni za kijivu na laini, zifute kwa kipande cha kadi kilicholowa petroli kidogo, kisha pitisha kadi kavu. Usitumie msasa mkali. Punje zake hubaki kwenye chuma na kuanza kuchoma. Kama upande mmoja una kishimo na wa pili una kilima, zibadilishe pamoja na kondensa. Kishimo na kilima vikikua haraka, mara nyingi kondensa ndiyo mgonjwa (yenye afya huwa na kama mikrofaradi 0.2), au koili imeunganishwa moja kwa moja na volti 12 wakati ilitengenezwa kupitia rezista. Pima koili kwa mita ya ohmu kati ya vituo vyake viwili vidogo: ikisoma karibu 3 haihitaji rezista ya nje, ikisoma karibu 1.5 inaihitaji. Magari mengi yamebadilishwa koili bila mtu kujali hilo, na pointi zake hazimalizi mwezi.

Kuna jambo la kishimo na kilima ambalo ni muhimu kulielewa. Fila geji ni bapa. Ukiiingiza kati ya nyuso zisizo sawa, inakaa juu ya kilima na haijui kwamba upande wa pili kuna shimo. Inakuambia 0.45 wakati pengo halisi ni pana zaidi. Pointi zilizochakaa hazipimwi kwa fila geji. Ama uzibadilishe, ama utumie mita.

Sasa zungusha injini kwa mkono hadi kisigino kikae kwenye ncha kabisa ya mojawapo ya pembe 4 za kamu. Hapo ndipo pengo ni pana kuliko popote. Kwenye distributa za Toyota za jamii hii pengo ni milimita 0.45. Legeza skrubu ya pointi robo mzunguko tu, ili sahani iweze kusogea lakini isiwe inacheza. Ingiza ncha ya bisibisi kwenye kijinafasi cha kurekebishia, isogeze mpaka fila geji ya 0.45 ipite ikikwaruza kidogo, kama karatasi unayoivuta kutoka chini ya kitabu. Kaza skrubu. Pima tena, kwa sababu kukaza kwenyewe husogeza sahani. Hakikisha fila geji ni safi. Tone la oili kwenye pointi linaungua na kuacha weusi unaozuia umeme.

Usiishie kwenye pembe moja. Zungusha injini, pima zote 4. Zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 0.05 hivi, shafti ya distributa inacheza kwenye bushi yake. Ishike kwa vidole uitikise ubavuni, utaisikia. Distributa ya namna hiyo kila silinda inapata cheche kwa wakati wake, na hakuna seti itakayoikaa. Itengenezwe bushi kwanza.

Wenye mita: kwa silinda 4 za jamii hii muda wa kufunga ni digrii 52, na kati ya 50 na 54 ni salama. Mita ikisoma zaidi, pengo ni jembamba. Ikisoma chini, pengo ni pana.

Maliza kwa kupaka grisi ngumu kidogo kwenye kamu, kiasi cha punje ya mchele, na matone mawili ya oili ya injini kwenye kile kipamba kilicho katikati ya shafti chini ya rota. Bila grisi, kisigino kinalika, pengo linapungua, na taimingi inarudi nyuma polepole bila mtu kugusa kitu. Pointi mpya zikishatembea kilomita 500 hadi 1000 zipimwe tena, maana kisigino kipya hulika kidogo mwanzoni kabla hakijatulia.

Kutafuta topu ya silinda namba 1

Silinda namba 1 ni ile ya mbele, upande wa feni na puli. Toa plagi zote 4 ili injini izunguke kwa wepesi. Ziba tundu la plagi namba 1 kwa kidole gumba, zungusha kranki kwa spana kufuata mshale wa saa (ukiwa umeitazama puli kwa mbele). Hewa ikianza kusukuma kidole, pistoni anapanda kwenye mkandamizo. Endelea polepole mpaka mkato wa kwenye puli ukaribie vipimo vilivyo kwenye kifuniko cha cheni.

Kama hakuna msaidizi na kidole hakifiki, fungua mfuniko wa valvu utazame silinda namba 4. Valvu zake mbili zikiwa zinapishana, moja ikimalizia kufunga na nyingine ikianza kufunguka, namba 1 ipo topu ya mkandamizo. Njia hii haikosei.

Safisha puli kwa brashi ya waya. Mara nyingi mkato umejaa grisi na vumbi la miaka, na vipimo vya kwenye kifuniko havionekani kabisa. Ukiupata mkato, uchore kwa rangi nyeupe, na kwenye kifuniko chora mstari wa digrii unazozitaka peke yake. Kupaka vyote ni kujichanganya.

Vipimo vikiwa vimefutika au kifuniko kimebadilishwa, weka alama yako mwenyewe. Zungushia ukanda wa karatasi kwenye ukingo wa puli, upime mzingo. Tuseme umepata milimita 432: gawanya kwa 360, kila digrii ni milimita 1.2, na digrii 8 ni milimita 9.6. Ukiwa kwenye topu kamili, chora alama moja kwenye puli mkabala na kielekezi chochote kisichotikisika. Kisha chora ya pili milimita 9.6 mbele yake, upande ule puli inakoelekea. Alama hiyo ya pili itakifikia kielekezi kwanza, digrii 8 kabla ya topu. Ukiichora upande wa nyuma utakuwa umeseti digrii 8 *baada* ya topu, na gari halitavuta hata kitambaa.

Je, topu kamili unaipataje bila alama? Chukua plagi mbovu, vunja kauri yake, tia boliti ndefu yenye ncha butu katikati uikaze kwa nati. Pistoni akiwa chini, ifunge kwenye tundu la namba 1. Zungusha kranki *kwa mkono* taratibu mpaka pistoni aguse boliti. Weka alama kwenye puli. Rudi kinyume mpaka aguse tena; weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndiyo topu. Usiguse stata kifaa hicho kikiwa ndani, utatoboa pistoni. Njia hii pia itakuonyesha kama puli yenye pete ya mpira imeteleza, ugonjwa unaofanya mkato wa kiwandani uwe mwongo.

Kuseti kwa balbu, injini ikiwa imezimwa

Hii ndiyo njia ya kuamini pale ambapo hakuna vifaa. Inakosea kwa digrii moja tu au mbili ukiifanya kwa utulivu.

1. Zungusha kranki kwa kufuata mwelekeo wake wa kawaida mpaka mkato ufike kwenye digrii unayotaka, silinda namba 1 ikiwa kwenye mkandamizo. Ukipitiliza, usirudishe kidogo tu. Rudi robo mzunguko mzima halafu uje tena, ili ulegevu wa cheni uishie upande sahihi.

2. Rudisha rota. Iwe inaelekea kwenye kituo cha waya namba 1 kwenye kifuniko. Ikiwa inaelekea upande wa pili kabisa, upo kwenye topu ya namba 4. Zungusha kranki mzunguko mmoja kamili.

3. Jua rota inazungukia upande gani. Usikariri, kwa kuwa injini hutofautiana; mwambie mtu aguse stata kidogo nyaya za plagi zikiwa mbali na petroli, wewe ukitazama. Jamii ya K huzunguka kufuata mshale wa saa. Ukishatazama, rudia hatua ya kwanza.

4. Unga waya mmoja wa balbu kwenye kituo kidogo cha koili chenye waya mwembamba unaokwenda kwenye distributa (si ule mnene wa katikati), mwingine kwenye bodi ya gari sehemu iliyo chuma kitupu. Washa swichi. Pointi zikiwa zimefunga balbu haiwaki, zikiachana inawaka.

5. Kama distributa ina kirekebishi cha petroli (cha kuongeza au kupunguza digrii kulingana na ubora wa petroli) pembeni ya kile kidude cha hewa, kirudishe kwenye mstari wa katikati kabla ya kuendelea.

6. Legeza boliti ya distributa kiasi cha kuizungusha kwa nguvu kidogo. Zungusha mwili wake kufuata mwelekeo wa rota mpaka balbu izime. Sasa isukume rota taratibu kwa kidole, kinyume na mzunguko wake, kuondoa ulegevu wa meno, na huku ukirudisha mwili wa distributa kinyume na mwelekeo wa rota, nywele kwa nywele. Pale balbu inapowaka tu, simama hapo. Kaza.

7. Thibitisha. Rudisha kranki robo mzunguko, ije mbele tena polepole huku ukiitazama balbu. Iwake mkato ukiwa juu ya alama. Ikiwaka kabla, umewahisha. Ikiwaka baada, umechelewesha.

Usiache swichi imewashwa huku pointi zimefunga na wewe umekwenda kunywa chai. Koili inachemka na pointi zinaungua.

Kujua unasogeza kiasi gani kunasaidia sana. Distributa huzunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya kranki, kwa hiyo digrii moja ya distributa ni digrii mbili za kranki. Mwili wa distributa wenye kipenyo cha milimita 70 ukisogea milimita 1 tu kwenye ukingo wake, umebadilisha taimingi kwa digrii 3 hivi. Kwa hiyo kile kisogezo cha "kidogo tu" kinachofanywa kwa kiganja kizima mara nyingi ni digrii 10.

Kwa taa ya taimingi

Rudisha plagi zikiwa na pengo la milimita 0.8, nyaya kwa mpangilio wa 1-3-4-2 kufuata mzunguko wa rota. Pasha injini mpaka ifike joto lake la kawaida na choki iwe imefunguka kabisa. Chomoa mpira wa hewa unaokwenda kwenye distributa, uzibe kwa skrubu. Saileni iwe chini, kati ya 650 na 800. Ikiwa juu ya hapo, vile vipande vya chuma vinaanza kutanuka na utasoma digrii ambazo si za mwanzo.

Unga taa kwenye betri, kibanio kwenye waya wa plagi namba 1. Mulika puli. Mwanga huo hufanya mkato uonekane umesimama, na hufanya hata *feni* ionekane imesimama. Watu wamekatwa vidole kwa sababu hiyo. Jua mikono yako ilipo kabla hujabonyeza.

Ili kuwahisha, zungusha mwili wa distributa kinyume na rota; ili kuchelewesha, ufuate rota. Kila ukiwahisha saileni itapanda, kwa hiyo ishushe tena kwenye kabureta ndipo usome upya. Kaza boliti, mulika tena, kwa sababu kukaza huivuta distributa.

Usizime bado. Panda taratibu hadi 2500 au 3000 huku ukimulika. Mkato unapaswa kusogea kinyume na mzunguko wa puli kwa mtiririko mmoja na kurudi vilevile ukiachia. Ukibaki palepale, vipande vya chuma vimeganda kwa kutu. Ukirukaruka, springi imekatika au bushi imelika. Kisha zima injini, fungua kifuniko cha distributa, na vuta hewa kwa mdomo kupitia mpira uliofungwa kwenye kile kidude cha mviringo: sahani ya pointi isogee, na ukiziba kwa ulimi ibaki hapo. Ikirudi, mpira wa ndani umetoboka; gari litakula mafuta barabarani ijapokuwa taimingi ya saileni ni sahihi. Ukimaliza, rudisha kifuniko na mpira wa hewa kama vilivyokuwa.

Barabarani, na suala la mwinuko

Sasa ndiyo zamu ya sikio. Injini ikiwa ya moto, kwenye gia ya nne, mwendo wa kilomita 40 kwa saa, kanyaga mafuta yote kwenye mlima mdogo. Mlio kama wa kokoto ndani ya kopo maana yake cheche inawahi mno kwa petroli hiyo. Rudisha digrii 1 au 2 ujaribu tena. Mlio hafifu wa sekunde moja unaopotea mwendo ukichanganya unavumilika. Unaoendelea hauvumiliki, hata kama ni mdogo.

Mwinuko nao una neno lake. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, Arusha kama 1,400, Dar es Salaam na Mombasa zipo usawa wa maji. Juu hewa ni nyepesi, mkandamizo ndani ya silinda unapungua, moto unasambaa polepole zaidi na injini haigongi kirahisi. Gari linaloishi Nairobi au Mbeya linaweza kuongezwa digrii 1 hadi 2 na likavuta vizuri zaidi. Lakini likisetiwa hivyo kisha likashushwa pwani kwenye joto, likiwa na mzigo, litagonga. Kwa gari linalosafiri juu na chini kila wiki, acha kiwango cha kitabu.

Dalili za seti mbaya

Cheche inayochelewa: gari zito, halipandi, ulaji umeongezeka, injini inachemsha bila rejeta kuvuja, na bomba la ekzosi likiwa jekundu karibu na injini baada ya safari. Moto bado unawaka wakati valvu ya kutolea moshi inafunguka. Watu hubadilisha thamostati, rejeta na pampu ya maji kabla ya kutazama taimingi. Tazama taimingi kwanza, ni bure.

Cheche inayowahi mno: kugonga, na injini ya moto kuwa ngumu kuwaka, stata inazunguka nusu kisha inapigwa teke kurudi nyuma kana kwamba betri imekufa. Betri haina kosa.

Gari linatema moto kwenye kabureta na haliwaki kabisa: distributa imefungwa nusu mzunguko, au nyaya mbili zimepishana. Kwa mpangilio wa 1-3-4-2, waliozoea kuhesabu 1-2-3-4 hufanya kosa hili kila mara. Ikiwa inawaka lakini inamisi kwenye silinda mbili zinazofuatana, anza na nyaya.

Taimingi inayohama yenyewe baada ya siku chache ina sababu tatu za kawaida: boliti ya distributa haikukazwa, kisigino cha pointi kinalika kwa kukosa grisi, au waya mwembamba ndani ya distributa umekatika ndani ya ganda lake na unagusa pale tu sahani inapokaa upande fulani. Huu wa tatu unasumbua mno. Uvute taratibu, ukinyooka kama mpira, umekatika.

Distributa ikitolewa

Kabla ya kuichomoa, weka namba 1 kwenye alama, chora mstari rota inapoelekea, na mwingine kati ya mwili wa distributa na bloku. Meno yake yamekatwa mshazari, kwa hiyo rota hugeuka kadiri distributa inavyopanda au kushuka. Unapoirudisha, anza na rota ikiwa mahali ilipokuwa ilipomaliza kutoka, si ilipokuwa ilipokaa. Ikishuka itajigeuza yenyewe hadi kwenye mstari.

Ikikataa kushuka milimita chache za mwisho, usigonge kwa nyundo. Chini yake kuna mhimili wa pampu ya oili, na ulimi haujaingia kwenye kijinafasi. Ugeuze mhimili huo kidogo kwa bisibisi ndefu, jaribu tena. Distributa iliyolazimishwa ikakaa juu juu inaweza kuwasha injini huku pampu ya oili haizunguki, na injini hiyo haitamaliza dakika tano salama. Baada ya kuwasha, macho yawe kwenye taa ya oili kabla ya kitu kingine.

Ukiwa na distributa ya kielektroniki

Baadhi ya 4K na 5K za baadaye hazina pointi. Badala ya kisigino kuna nyota ya chuma inayopita mbele ya sumaku, na pengo lake la hewa ni milimita 0.2 hadi 0.4, hupimwa kwa fila geji ya shaba au plastiki ili sumaku isiivute. Njia ya balbu haifanyi kazi hapo. Tumia taa ya taimingi. Mengine yote, kuanzia mkato wa puli hadi mpira wa hewa uliozibwa, yanabaki vilevile.